Meza ya baba Katuba, meza ya jirani Boise

Picha niliyoweka kwenye statusi mwezi jana imeniletea maneno. Ilikuwa picha ya meza tu: mashine ya chuma yenye mkono mrefu, mizani ndogo, na maganda ya risasi hamsini yamesimama kwenye kibao chenye matundu, kama mayai kwenye trei. Chai yangu haijapoa, dada yangu wa Kampemba, Lubumbashi, ameshaandika: "Yaya, umekuwa mwasi?" (Yaya kwetu ni ndugu mkubwa.) Binamu yangu hakushangaa hata kidogo. Alitaka bei ya mashine, na kama inaingia kwenye sanduku la kilo 23.

Nawajibu wote hapa, nisije nikarudia hadithi hii kwenye simu hadi Krismasi.

Huku Boise, jimbo la Idaho, Marekani, kujaza upya maganda ya risasi ni kazi ya gereji. Mwindaji anapiga, anaokota ganda lake, analisafisha, analirudisha kwenye umbo lake, anatia fataki mpya (kile kidude kinachowasha baruti) kwenye kitako, baruti ndani, kichwa cha risasi juu, na msimu ujao anapiga tena. Sheria ya nchi haimdai leseni anayejitengenezea mwenyewe. Akianza kutengeneza za kuuza ndipo anatakiwa kuwa nayo. Dukani vitu hivyo vimepangwa jirani na ndoano za samaki. Mara ya kwanza nilipita pale haraka, mikono mfukoni, kama mtoto aliyefungua mlango wa chumba cha wazazi.

Mnajua kwa nini. Kwetu Kongo ganda la risasi ni kitu kinachookotwa asubuhi, baada ya usiku ambao watu wamelala chini ya vitanda. Machi 2013, siku Kata Katanga, wale waasi wanaotaka Katanga ijitenge, walipoingia Lubumbashi wakatembea hadi kambi ya Umoja wa Mataifa, sisi tulifunga milango tukakaa kimya na redio ikiwa chini kabisa. Baadaye watoto wa mtaani walikuwa na maganda mfukoni, wanayapuliza kama filimbi, halafu wanayapeleka kwa mnunuzi wa mitraille. Neno hilo nalo! Mfaransa akisikia mitraille anafikiria risasi zinazomiminika. Lubumbashi ni vyuma chakavu vya kupima kwa kilo.

Jirani yangu ni mzee wa miaka sabini na kitu, mstaafu. Mimi namwita mzee, yeye anataka nimwite kwa jina lake la kwanza, na mpaka leo sijaweza. Alinialika gerejini siku ya theluji, akanipa kiti, akaweka ganda moja kiganjani mwangu. "Ni shaba sehemu sabini na zinki sehemu thelathini," akasema, kwa sauti ya mtu anayefundisha. Nikacheka. Nikamwambia shaba, sisi tunaita mukuba, imetujengea mji mzima pamoja na lile bomba la moshi, na zinki iko Kipushi, kilomita kama thelathini kutoka nyumbani, kwenye mgodi uliosimama 1993 ukafufuliwa 2024. Hakuwa amesikia Kipushi maishani mwake. Akanionyesha kitako cha ganda: .30-06. Hiyo 06 ni mwaka 1906, jeshi la Marekani lilipoipokea risasi hiyo. Mwaka huohuo Wabelgiji walianzisha kampuni ya migodi, Union Minière du Haut-Katanga, na ilipokuja Vita Kuu ya kwanza shaba yetu ilikwenda Uingereza kutengenezewa makombora. Basi nikamwambia mzee: mimi na hiki kitu ni ndugu wa siku nyingi, tumetengana tu.

Kilichonivuta hakikuwa bunduki, lakini. Kilikuwa meza yenyewe.

Baba alikuwa ajusteur, fundi wa kuchonga vyuma, wa Gécamines, kampuni ya serikali ya madini, hadi 2003, alipotoka na maelfu ya wenzake kwenye ule mpango wa "départ volontaire", kuacha kazi kwa hiari. Hiari gani, kila Mlushois, mtu wa Lubumbashi, anajua. Alirudi nyumbani na étau moja (jiliwa), tupa tatu, na pied à coulisse, kipimo cha kutelezesha, aliyoifunga kwa kitambaa cha flaneli. Akaweka meza chini ya mwembe, mtaani kwetu Katuba, akawa anachonga bushi za mapikipiki na vyuma vya mashine za kusaga mahindi. Alikuwa akisema chuma hakidanganywi: ukipima mara moja umekisia. Sasa huku namwona mzee wa watu, kavaa miwani miwili kwa mpigo, anapima urefu wa ganda kwa sehemu za elfu za inchi, maana shaba hurefuka kila inapopigwa na lazima ikatwe. Namwona baba. Tofauti ni kwamba huyu akimaliza anakula supu, analala. Hakuna anayemngoja na pikipiki iliyokufa, wala hesabu ya bukari (ugali) ya jioni haitoki kwenye kipimo kile.

Hapo ndipo nina kinyongo, na sikifichi.

Kwa nyinyi mlio huku na mnaotaka kuanza kihalali, kwanza nunueni kitabu cha vipimo. Kile cha Lyman au cha Hornady, chochote kilicho kipya. Ndani kuna kipimo cha kuanzia na cha mwisho kwa kila baruti na kila kichwa, vimejaribiwa maabara, na unaanzia chini. Kipimo cha rafiki au cha video usikiguse. Halafu mizani, kabla ya mashine. Wengi hufanya kinyume kwa sababu mashine inapendeza kwenye picha (hata mimi, mmeona). Baruti hupimwa kwa greni, na greni moja ni miligramu 64.8, pauni moja ina greni 7,000. Kwa hesabu hiyo, mizani ya jikoni ni kichekesho. Napenda ile ya mhimili, ya kizamani: haina betri na haipotezi sifuri yake katikati ya kazi.

Mashine yenyewe iwe ya hatua moja moja. Ya RCBS, ya Lee, ya kampuni yoyote. Unavuta mkono, kitendo kimoja kinafanyika, unakiona. Zile zinazozunguka na kufanya mambo matano kwa mvuto mmoja ni za mtu ambaye mikono yake imeshakariri. Mgeni atatia baruti mara mbili kwenye ganda moja la bastola bila kujua, maana kipimo kimoja hakijazi hata nusu ya ganda. Seti ya kuanzia ni dola mia mbili hadi mia tano. Tochi ndogo ni dola tano, na ndiyo itakayokulinda: unamulika ndani ya kila ganda kabla ya kuziba. Baruti iwe ya aina moja tu mezani, ikae kwenye kopo lake la asili. Nawa mikono kabla ya kugusa chakula, kwa sababu ya risasi, nasema uchafu wa yale madini yanayoitwa risasi, si ile ya kupiga. Na msidanganyane kwamba mtaokoa pesa. Mtapiga zaidi, basi. Mwaka 2020 na 2021 fataki ziliadimika kote Marekani, bei ikapanda, wenye meza nzuri wakawa wanazitazama tu.

Mimi nilianza vibaya. Ganda la bunduki lazima lipakwe mafuta kidogo kabla ya kuingizwa kwenye kalibu, kile chuma cha mashine kinacholirudisha kwenye umbo lake. La saba nilisahau. Nikavuta mkono, ukaenda mzito, nikauvuta tena kwa hasira, likanasa. Nilipourudisha, ukingo wa kitako ukang'oka. Ganda limebaki ndani kama jino lililovunjikia kwenye ufizi. Mzee akasema watu huirudisha kalibu kiwandani, wiki mbili tatu. Nikamuuliza kama ana taraud, chuma cha kukata meno ya boliti ndani ya tundu. Hakuelewa neno, nikamchorea. Akanipa. Nikatoboa kitako polepole, nikakata meno, nikaweka mrija mfupi wa chuma na washa (kile kiduara cha boliti) juu, nikakaza boliti. Robo mzunguko, mafuta, robo mzunguko. Lilitoka na mlio mdogo, tok. Kalibu haikuwa na hata mkwaruzo. Mzee aliigeuza mwangani kwa muda, akauliza shule gani imenifundisha. Nikasema chini ya mwembe.

Tangu siku hiyo naingia bila kubisha.

Sasa, binamu. Hapana. Kwanza sheria ya silaha na risasi ya 1985 ipo na unaijua, hata kama wanaoivunja wanapita barabarani na magari yenye vioo vyeusi. Pili, hayo maganda unayodhani ni utajiri mengi ni ya Kalashnikov: chuma, siyo shaba, na kitako chake ni cha mtindo wa Berdan, wenye vitundu viwili pembeni, ambao sindano ya mashine hii haiwezi kuutoa fataki. (Berdan alikuwa Mmarekani, Boxer, mwenye mtindo wa kitundu kimoja katikati, Mwingereza, leo Wamarekani wanatumia ya Boxer, na majeshi mengi ya nchi nyingine ya Berdan. Waulize wao.) Tatu, na hii ndiyo ya kweli, sitaki. Nimeona huku meza hiyo inaweza kuwa ya mzee na supu yake. Kwetu, mwenye meza hiyo atagongewa usiku, na hatagongewa na wawindaji.

Na huku nako siyo kwamba nimezoea. Mzee anaweka baruti kwenye kabati la mbao, hatua nne kutoka mashine ya kufulia, na wajukuu wanapita na mipira. Amefunga kufuli, ndiyo. Mimi bado nahesabu zile hatua.

Jumapili nilimpigia baba kwa video, nikamtembeza mezani. Mashine hakuitazama mara mbili. Aliniambia nirudishe simu kwenye kile kipimo cha kidijitali, nikifungue, nikifunge, nikifungue. "Kinarudi sifuri?" Nikasema kinarudi. Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza nani anasafiri Desemba.