Usiende Ulaya na Kiatu Kipya

Paris niliiona nikiwa nimekaa. Siku ya pili ya safari, saa saba mchana, nilikuwa kwenye bustani ya Tuileries, juu ya kimojawapo cha vile viti vya chuma vya kijani ambavyo yeyote hukalia bure, viatu nimevivua, soksi nimezisokomeza ndani yake, na visigino vyote viwili vimechubuka hadi nyama nyekundu. Mume wangu alikuwa ameingia Louvre peke yake. Safari hiyo tuliiwekea akiba miaka mitatu.

Viatu vyenyewe vilikuwa vizuri, sikatai. Ngozi ya kahawia, laini, vya kutumbukiza mguu tu bila kamba. Nilivinunua katika duka moja la katikati ya jiji siku nne kabla ya kupanda ndege. Dukani nilipiga hatua kama kumi juu ya zulia, nikajitazama kwenye kioo, nikasema naam, hivi ndivyo. Nilikiuliza kioo. Mguu sikuuuliza.

Tangu turudi, mtu akitaka habari za Ulaya huwa naanza na viatu kabla ya Mnara wa Eiffel, na wengi hudhani nimechoka akili. Lakini sibadilishi neno: kiatu cha kwendea Ulaya kisiwe kipya. Kiwe kimekula vumbi la Nairobi wiki sita, nane ikiwezekana, hadi fundi wa viatu akikiona akuulize kama umekuja kukibadilisha soli.

Sisi wa Nairobi hujidanganya sana kuhusu kutembea. Nasema sisi wa ofisini. Wale wanaotoka Kibera au Mukuru alfajiri kwa miguu hadi Industrial Area hawana la kujifunza kwangu. Mimi hutoka mlangoni hadi steji, matatu ikanishusha mkabala na kazini, na mvua ikianza naita boda. Mtalii Ulaya ni mtembea kwa miguu, awe ana pesa au hana. Stesheni nyingi za metro ya Paris hazina lifti, kwa hivyo unapanda na kushuka ngazi hata ukiwa "umepanda gari". Venice yenyewe haina magari kabisa. Ina madaraja zaidi ya 400, na mengi ni ya ngazi. Ukitaka kufika juu ya kuba la Kanisa la Mtakatifu Petro kule Vatican, ngazi ni 551, na lifti ipo ila inakuachia 320 za mwisho uzipande mwenyewe. Halafu kuna jambo ambalo hakuna aliyenionya: jua. Letu huzama saa kumi na mbili na nusu, ukajua siku imeisha, twende nyumbani. Juni kule Paris jua huzama karibu saa nne usiku. Hakuna giza la kukuhurumia. Unatembea tu, ukidhani bado ni alasiri, hadi miguu ndiyo inayokwambia saa.

Na kuna mawe. Hilo ndilo lililonimaliza. Mitaa ya zamani ya Roma imetandikwa vijiwe vyeusi vya volkano, vya mraba, wenyewe wanaviita sampietrini, na kati ya kimoja na kingine kuna mwanya wa kutosha kushika kisigino chembamba. Kila hatua mguu unakaa upande wake: mara kidole gumba kiko juu, mara kisigino kimelala. Kabro zetu, yale matofali ya njia za katikati ya jiji, ni sakafu ya ukumbi ukilinganisha. Lisbon nako njia za miguu ni za vijiwe vya chokaa vyeupe vilivyokanyagwa hadi vikang'aa, na mji wenyewe umekaa juu ya vilima. Mvua ikipita hapo, soli isiyo na meno inakugeuza kichekesho.

Kabla hatujasafiri, shemeji yangu alinicheka nilipotaja viatu. "Si Abebe Bikila alishinda Roma bila viatu? Wewe unataka kutembea tu." Ni kweli, Mwethiopia huyo alishinda marathoni ya Olimpiki Roma tarehe 10 Septemba 1960 akiwa peku, kwa saa 2 dakika 15 na sekunde 16, sehemu ya njia ikiwa ile Via Appia ya kale. Lakini shemeji anapenda nusu ya hadithi. Bikila alizoea kufanya mazoezi bila viatu, na vile alivyopata Roma havikumkaa vizuri. Akaona heri nyayo zake alizozijua kuliko kiatu asichokijua. Mimi nilifanya kinyume chake kabisa. Na mwaka 1964 kule Tokyo alishinda tena, safari hiyo amevaa viatu, kwa hivyo tusimfanye mtakatifu wa kutembea peku.

Msidhani mume wangu alinusurika. Yeye alibeba viatu vya mlimani alivyonunua miaka minane iliyopita, akavivaa mara mbili Ngong Hills, kisha akavihifadhi. Mnajua sisi na kuhifadhi. Kiatu kizuri hukaa kwenye boksi chini ya kitanda kikingojea siku yake, kama sahani za wageni. Siku yake ikafika, na mbele ya Colosseum soli ya kulia ikaachana na kiatu. Haikung'oka gundi tu, ilimong'onyoka kama mandazi ya juzi. Nilipouliza nikaambiwa soli za sponji ya aina ile hushambuliwa na unyevu wa hewa polepole, zikaoza kutoka ndani hata kama hazijavaliwa. Wapenzi wa mitumba mnielewe vizuri hapo. Gikomba unaweza kuokota kiatu cha kamera, yaani mtumba wa daraja la kwanza, chapa kubwa, soli haina mkwaruzo, ukadhani umebahatika, kumbe kimekaa stoo ya mtu miaka kumi. Kikunje, kibonyeze soli kwa kucha. Ukiona unga au nyufa ndogo ndogo, rudisha, hata kama bei inakubembeleza.

Sasa, namna ya kuchagua. Aliyenifundisha ni fundi mmoja wa viatu karibu na steji yetu, mzee ambaye ana mwavuli mmoja na maoni mengi. Nilimpelekea vile vya kahawia baada ya safari, nikitaka avitanue. Akavigeuza mara mbili. "Mama, hiki kiatu hakijui mguu wako," akasema. Kisha akanikalisha kwenye ndoo akanipa somo.

Usijaribu kiatu asubuhi. Nenda jioni ukitoka kazini, mguu ukiwa umevimba, kwa sababu ndivyo utakavyokuwa baada ya ndege na baada ya makumbusho. Nenda na soksi utakazosafiri nazo. Simama, usikae, na mbele ya kidole kirefu kuliko vyote kubaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Miguu ya watu wengi hailingani, basi pima mkubwa. Usiamini namba: 6 ya Uingereza ni kama 39 ya Ulaya, lakini 39 ya kampuni hii si 39 ya ile. Halafu kishike kiatu mbele na nyuma ukikunje. Kinapaswa kukunjika pale vidole vinapokunjika. Kikijikunja katikati kama chapati, kirudishe. Kamba pia anazipenda sana mzee huyu, kwa kuwa mguu hubadilika mchana kutwa na kiatu cha kutumbukiza hakiwezi kulegezwa.

Juu ya somo lake naongeza langu kuhusu ulaini. Raba za kukimbilia zenye soli nene na laini kama godoro ni tamu kwenye lami, lakini juu ya mawe ya Roma kifundo kinayumba. Nataka soli ya wastani, yenye meno, isiyoogopa maji. Vile viatu visivyopitisha mvua viacheni kwa wanaosafiri Novemba. Julai mguu unachemka ndani. Soksi za sufu nyembamba nimezipenda kuliko za pamba, kwa sababu pamba ikilowa jasho hubaki imelowa, na unyevu ndio mama wa malengelenge. Na kama begi lina nafasi, bebeni jozi mbili mbadilishane. Huo ndio ushauri pekee wa mtandaoni ambao sina ugomvi nao.

Najua kinachotusumbua si soli, ni picha. Tunavaa kwenda Ulaya kama tunaokwenda harusini, maana jamaa wote wa kikundi cha WhatsApp wanangoja. Mimi mwenyewe niliona aibu kupita uwanja wa ndege wa JKIA na raba. Pale Tuileries, kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine, niliwatazama wapita njia miguuni kwa saa nzima. Raba, raba, raba. Mama wa miaka sabini na nywele zimetengenezwa, koti la maana, na raba. Kanisani Vatican walinzi hutazama mabega na magoti kama yamefunikwa. Viatu vyangu hakuna aliyevisemesha. Aibu ilikuwa yangu peke yangu na niliilipia kwenye duka la dawa lenye msalaba wa kijani, kwa plasta ambazo bei yake niliibadilisha kwa shilingi kichwani, nikajuta kuibadilisha.

Akala, kabla hamjaniuliza, nazipenda. Ninazo za Kariokor, za tairi halisi, na nina hakika zitazikwa nami. Lakini kilomita kumi na tano kwenye mawe hazina huruma na kisigino, kwa hivyo zibebeni za kuvaa hotelini.

Wiki jana wifi yangu, anayesafiri Septemba, amenitumia picha ya raba zake mpya. Nyeupe pe, bado zina karatasi ndani. "Nazitunza," ameandika. Nimemwambia avivae viatu hivyo Jumamosi hii twende Gikomba kwa miguu kutoka mjini, tupitie Wakulima tununue viazi, tukimaliza tukazunguke Karura, tukirudi nitavikagua. Vikiwa bado vyeupe, tutarudia Jumamosi inayofuata.