Kreatinini Ikishuka, Usiseme Figo Imepona

Mgonjwa amezibwa njia ya mkojo na jiwe au saratani ya mlango wa kizazi, amewekewa stenti (kijibomba cha ndani cha kupitishia mkojo) au mrija wa mgongoni unaotoa mkojo kwenye figo, kreatinini (taka ya damu inayochujwa na figo) imeshuka, basi: arudi zake Chunya. Mimi napinga ruhusa ya namna hiyo. Kreatinini ni hesabu ya figo zote mbili kwa pamoja. Figo nzima ikibeba kazi ya mwenzake, namba inapendeza huku iliyozibwa ikisinyaa kimya kimya. Ultrasaundi nayo inaweza kuonyesha figo iliyotanuka wiki kadhaa baada ya mkojo kuanza kupita vizuri.

MRI (picha za mashine ya sumaku) ya kisasa huitazama kila figo peke yake. Zipo picha za mtawanyiko wa maji: tishu ikipata makovu, maji husogea kwa shida na namba ya mtawanyiko inashuka. Zipo za oksijeni, na za mtiririko wa damu ambazo hazihitaji mgonjwa kuchomwa dawa yoyote. Kwa figo dhaifu hiyo ni nafuu kubwa.

Ila vipimo hivi huharibika kirahisi. Figo hupanda na kushuka kwa kila pumzi, kwa hiyo mgonjwa afundishwe kutoa pumzi na kuibana kabla hajaingia kwenye mashine. Gesi ya utumbo huvuruga picha za oksijeni. Na maji! Aliyetoka Makete kwa basi bila kunywa kitu, halafu safari ya pili akaja ameshiba maji, atatoa namba mbili tofauti hata kama figo haijabadilika. Maandalizi yawe yale yale, mashine ile ile.

Kosa baya zaidi hufanyika kwenye kompyuta. Duara la kupimia, linalochorwa juu ya picha, liwekwe kwenye gamba la figo (tabaka lake la nje), juu, katikati na chini. Likigusa mkojo uliojaa katikati ya figo, namba ya mtawanyiko inapanda na figo mbovu inaonekana nzima.

Siku za mwanzo baada ya njia kufunguliwa, MRI haina la kusema zaidi ya chombo cha kupimia mkojo: mkojo ukizidi mililita 200 kwa saa, saa mbili mfululizo, shughulikia maji na potasiamu. Picha ya kulinganisha ipigwe baada ya wiki 4 hadi 6, na uamuzi wa kuitoa figo usubiri hapo.

Kwenye fomu andika upande uliozibwa, tarehe ya kufunguliwa, stenti kama bado ipo, na swali lenyewe. Ukiandika "MRI ya tumbo" tu, utaletewa majibu ya ini na wengu.