Mchezo wa kurekodiana kwa siri: ubaya wake ni kwamba hauna mwisho

Mchezo wenyewe ni rahisi. Marafiki wanafungua kundi la WhatsApp, kila mmoja anakubali kuwindwa, kisha kila mtu anaendelea na shughuli zake. Ukimrekodi mwenzako sekunde kadhaa bila yeye kutambua, unairusha video kundini na pointi ni yako. Akigeuka akakuona umeinua simu, umeikosa. Hakuna refa, hakuna fainali, hakuna siku ya kumaliza. Mpwa wangu anaucheza na wenzake wa Kibokoni na Majengo, hapa Mombasa, na wazee barazani wameshatoa hukumu: mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Mimi siupingi moja kwa moja. Mjini humu tunatazamwa na kamera za benki, za maduka, na za vijana wanaowafanyia wapita njia vituko ili wapate watazamaji TikTok, na hakuna anayetuomba ruhusa. Kwenye mchezo huu angalau walioingia wameingia kwa hiari yao, na anayewinda leo kesho anawindwa yeye. Tena unawatoa ndani. Wanavijua vichochoro vya Mji wa Kale kona kwa kona, kuanzia Ndia Kuu mpaka Fort Jesus. Na yule mwenzao aliyekwenda Dubai kutafuta riziki bado yumo kundini, anawaona rafiki zake wakigombania viazi karai, anacheka nao. Hilo si dogo.

Wapo wanaoleta Suratul Hujurat, aya ya 12, inayokataza kupelelezana. Hoja hiyo naiheshimu sana. Lakini aya hiyo hiyo inaanza na dhana mbaya na inamalizia na kusengenyana, na sidhani kijana anayemvizia rafiki yake akila mahamri anatafuta aibu ya mtu.

Kinachonisumbua ni wale wasiocheza. Mpwa wangu alinionyesha video moja aliyoipenda sana: mwenzake yuko ufukweni Mama Ngina, anakula mihogo ya kukaanga, pilipili na ndimu zimemzidi, machozi yanamtoka. Inachekesha kweli. Lakini nyuma yake, kwenye kiti cha plastiki, kuna mama ameinua nikabu yake kidogo apate kunywa dafu, na uso wake unaonekana wazi. Yeye hakukubali kitu. Alikaa akiwa ameipa njia mgongo ili asitazamwe, na sasa yumo kwenye simu za vijana asiowajua. Mpwa wangu alikuwa ameitazama mara nyingi na hakuwahi kumwona mama yule.

Sheria haimsaidii sana. Katiba ya 2010 inalinda faragha katika kifungu cha 31, lakini Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziacha nje shughuli za mtu binafsi na za nyumbani kwake, na vijana watasema kundi lao ni shughuli ya namna hiyo. Ofisi ya Kamishna wa Data imewahi kuuma: mwaka 2023 ilikitoza kilabu kimoja cha Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini yake. Hiyo lakini ilikuwa biashara. Kwa video iliyobaki kundini, mama wa dafu hana pa kushika, na hata habari hana.

La pili ni huko kutokuwa na mwisho. Tulipokuwa tukicheza kibe, mchezo wa kujificha na kutafutana, adhana ya Magharibi ikilia mchezo umekwisha, hata kama hukupatikana. Marekani, huko Spokane, wapo marafiki 10 waliocheza mchezo wa kukimbizana na kugusana kwa zaidi ya miaka 20, wakaandikiana mkataba: ni Februari peke yake. Miezi 11 mtu anapumua. Hawa wetu walikubaliana wakiwa shule. Leo mmoja ameoa, mwingine anashinda kwenye foleni ya hospitali na mamake, na simu inaweza kuinuliwa hapo hapo. Ridhaa ya mvulana wa kidato cha nne haiwezi kumfunga mume wa mtu.

Kwa hivyo nilimwambia mpwa wangu mambo matatu: uwe na msimu, asiyekuwamo asionekane uso, na anayetoka atoke na video zake. Mawili ya kwanza ameyakubali bila ubishi. La tatu ndilo gumu. WhatsApp inakuruhusu kuwafutia wote ujumbe ndani ya saa 60 hivi. Zikipita hizo, video imeshakaa kwenye simu ya kila mtu, na pengine imeshatumwa kwengine. Nimemwambia basi wakae pamoja, kila mmoja afute mbele ya anayetoka. Anasema wenzake hawatakubali kufunguliwa simu zao. Hapo ndipo tulipokwama, naye bado anacheza.