Msiba Sebuleni

Wenzangu mnaopanga chumba kimoja kwenye nyumba za watu huku Uingereza, kopo mnalijua, sina haja ya kulieleza. Kopo lina mahali pake, pembeni ya choo, na mtu mwenye akili timamu hagusi kopo la mwenziwe. Sasa leo asubuhi natoka zamu ya usiku ghalani, miguu imevimba, naingia msalani: kopo hakuna.

Mimi ni mtu mzima. Tanga nikipita barazani watu wananisogezea kiti. Nikatoka msalani nimejibana kwa heshima zote, nikatazama jikoni, nikatazama chini ya ngazi, nikaingia sebuleni. Kopo langu la kijani hilo juu ya meza, limejaa mawaridi mekundu, mbele ya picha ya mwanamke mwenye shingo ndefu na mkufu wa lulu unaoning'iniza herufi B. Na pembeni kakaa bibi mwenye nyumba, gauni jeusi, leso mkononi, macho yamemwiva.

Hasira zikakatika hapo hapo. Kufiwa si mchezo. Nikavua kofia, nikakaa ukingoni mwa kochi.

“Pole sana, bibi. Ni nani tena?”

“Anne.”

“Alikuwa anaumwa?”

“Hapana. Alikatwa kichwa.”

La haula! Nikashika mdomo. “Na nani?”

“Mumewe ndiye aliyeamuru.”

Nikauliza kama huyo mume kakamatwa. Akasema nani amkamate, na mwenye nchi ni yeye. Basi nikajua hili ni jambo la wakubwa, nikaenda kuvuta pazia, nikarudi nikashusha sauti. Bibi naye akashusha ya kwake. Alisingiziwa wanaume watano, akaninong'oneza, mmoja wao ndugu yake wa tumbo moja, na wote watano wakatangulizwa siku mbili kabla yake.

“Na maziko lini?”

“Yalifanyika siku ile ile.”

“Vizuri,” nikamwambia, “na sisi kwetu hatulazi maiti.”

“Hata jeneza hakupewa. Alitiwa kwenye sanduku la mishale.”

Hapo nikasimama. Jamani! Hivi ukoo mzima hamkuchanga? Mbona mimi kila wiki natiwa kwenye kundi la michango ya watu hata siwajui, natoa, halafu natangazwa kuwa nimetoa kidogo? Bibi akasema mwenye upanga waliweza kumleta kutoka ng'ambo ya bahari, fundi hodari, lakini mbao za jeneza ndizo zilizowashinda. Na mume? Kesho yake kachumbia. Siku ya kumi na moja kaoa.

“Matanga hayajaondoka!” nilipiga kelele mpaka mpangaji wa juu akagonga sakafu. “Na mtoto je, kaacha mtoto?”

“Mmoja, wa kike. Hata miaka mitatu hajafika.”

Machozi yakanitoka. Sisemi uongo. Usingizi ulichangia, lakini yalikuwa machozi yangu.

“Maskini! Anamlea nani?”

“Alikuja kuwa Malkia Elizabeth.”

“Elizabeth? Si huyu tuliyemzika juzi juzi hapa?”

“Huyo wa pili. Huyu ni wa kwanza, alitawala miaka 44.”

Nikafuta uso. Nikauliza, kwa sauti ya mtu anayeanza kuona mwanga, kwani hayo yametokea lini hasa. Tarehe kama ya leo, akasema bibi, 19 Mei, katika Mnara wa London. Mwaka? 1536. Marehemu ni Anne Boleyn, mke wa Mfalme Henry wa Nane.

Mimi sina la kusema. Ningekuwa na nguvu ningehama leo leo.

Kumbe ana orodha nzima ya wafalme na malkia waliokatwa vichwa, kaibandika mlangoni mwa friji. Tarehe 30 Januari ni Charles wa Kwanza, aliyevaa mashati mawili asitetemeke kwa baridi watu wakadhani anaogopa, na bibi huyo huyo Januari hiyo hiyo anatuzimia hita saa mbili usiku. Tarehe 8 Februari ni Mary wa Scotland, aliyekutwa na kijibwa kimejificha ndani ya sketi zake. Siku nne mbele ni Jane Grey, binti wa hapa hapa jirani, Bradgate. Alitawala siku 9, muda ambao huku hata benki haijamaliza kukufungulia akaunti. Furaha ni moja tu, 17 Novemba, siku Elizabeth alipopata ufalme, na siku hiyo keki hailiwi na wapangaji.

Nikaona nitumie elimu. Nikaingia kwenye simu, nikarudi na hoja. Bibi, nikasema, mwaka 1752 nyinyi Waingereza mlibadili kalenda, mkalala tarehe 2 Septemba mkaamka tarehe 14. Siku 11 mlizitupa. Enzi za marehemu tofauti ilikuwa bado siku 10, kwa hiyo ukipiga hesabu, siku aliyokufa ni 29 Mei kwa kalenda yetu ya leo, kwa hiyo leo hakuna msiba, nipe kopo langu. Akafikiri. Akanishukuru sana. Akachukua kalamu akaongeza tarehe 29 kwenye orodha, na maua, akasema, yatakaa pale pale mpaka yapite yote mawili.

Nikaenda dukani. Leicester hii ina wazee wa Kihindi waliotimuliwa na Amin mwaka 1972, na Kiswahili chao hakijatimuliwa. Wa duka letu ni mzaliwa wa Jinja. Sikumaliza hata sentensi: “Kopo ya choo? Iko mingi.” Nikamhadithia. Akacheka, akasema nisubiri Agosti 22, siku ya Mfalme Richard wa Tatu, yule aliyeuawa vitani Bosworth mwaka 1485 wakaja kumfukua mwaka 2012 chini ya maegesho ya magari mjini hapa. Mifupa yake, jamaa wa York waliitaka, wakaenda hadi mahakamani, wakashindwa, akazikwa upya kanisa kuu mwaka 2015.

“Mimi ikikufa,” mzee akasema, “hata ndugu yangu ya Birmingham hatakuja kugombania.”

Halafu bei: pauni tatu u nusu! Kopo! Nikamuuliza limesukwa kwa hariri? Akasema plastiki imepanda. Na huu muhogo hapa, mbona umepakwa nta kama kiatu cha bwana harusi, na bei yake haisemeki? Akasema niwaulize Costa Rica, ndiko unakotoka.

Costa Rica, jamani. Muhogo! Na Tanga ile tunapishana nao barabarani.