Introvati si mtu mwenye haya

Mtoto akijifungia chumbani wageni wanapokuja, utasikia: ana haya huyo. Akikua na hali ileile, maneno hubadilika: anaringa, anajitenga. Siku hizi limeongezeka neno introvati, yaani mtu anayeelekea zaidi kwenye mawazo yake ya ndani, nalo limetiwa kapu hilohilo. Naliona kosa hili linaumiza watu, na asili ya neno lenyewe inalikataa.

Limetoka Kilatini: intro, kuelekea ndani, na vertere, kugeuza. Katika karne ya 17 Waingereza walilitumia kwenye mambo ya dini: mtu kuzigeuza fikra zake ndani amtafakari Mungu. Suala la nani msemaji kwenye karamu halikuhusika. Mwaka 1921 Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, alichapisha Psychologische Typen, na swali lake likabaki la mwelekeo: nguvu za nafsi zinakwenda wapi, kwa watu na vitu vya nje au kwa mawazo ya ndani? Alikubali pia kuwa walio katikati ndio wengi. Maswali ya mtandaoni ya kupima tabia, yenye majibu mawili tu, yameliacha hilo, na ndilo lenye manufaa zaidi.

Hans Eysenck, mwanasaikolojia huko London, akaleta hoja ya mwili mwaka 1967: ubongo wa introvati tayari umechangamka, hivyo kelele kidogo humtosha. Jaribio la limau, la kuona mwili unavyoitikia ukali, likapata umaarufu. Chukua kijiti chenye pamba ncha zote mbili, funga uzi katikati mpaka kining'inie sawasawa. Weka ncha moja ulimini sekunde 20. Dondosha matone 4 ya limau ulimini, meza, kisha weka ncha ya pili kwa muda uleule. Kikiinamia upande huo, mate yameongezeka, na kwa maintrovati yalielekea kuongezeka zaidi. Ila malimau hayalingani ukali, kwa hiyo usimhukumu mtu kwa kijiti.

Kuona haya ni hofu ya kuhukumiwa na watu. Mwenye haya anatamani kuingia kwenye mazungumzo, ila moyo unamdunda. Introvati anaweza kuhutubia ukumbi mzima bila kutetemeka, kisha akatafuta pa kupumua. Ukitaka kuwatofautisha, muulize mtu: ungekuwa na hakika hakuna atakayekucheka, ungekwenda? Mwenye haya atasema ndiyo, tena haraka. Introvati bado atachagua kubaki. Wa kwanza msaidie azoee polepole, aanze na wageni wawili watatu. Wa pili, akishawasalimia wageni, mwache arudi chumbani kwake.