Kesi ya Plato dhidi ya miungu wa Homer

Anayeanza kusoma habari za miungu wa Ugiriki hamalizi kurasa nyingi kabla ya kushika kichwa. Kronos anamhasi baba yake Ouranos, kisha anameza watoto wake mwenyewe wasije wakampindua. Zeus anapona kwa sababu mama yake amemmezesha Kronos jiwe lililoviringishwa nguo za mtoto. Anakua, anampindua baba yake kweli, anamwoa dada yake Hera, halafu hatulii nyumbani. Hephaistos anamnasa mkewe Aphrodite kitandani na Ares kwa wavu wa minyororo myembamba, na miungu wenzake wanakuja kutazama na kuangua kicheko. Kwa msomaji aliyelelewa na Biblia au Kurani, hukumu inakuja yenyewe: hawa ni wahuni waliopewa enzi.

Waliotangulia kuitoa hukumu hiyo ni Wagiriki. Xenophanes wa Kolophon, katika karne ya 6 KK, alilalamika kwamba Homer na Hesiod, washairi wakongwe wa Ugiriki, wamewabambikia miungu kila jambo ambalo kwa binadamu ni aibu: wizi, uzinzi na kudanganyana. Ndiye pia aliyesema Waethiopia huwaona miungu wao kuwa weusi wenye pua bapa, Wathrakia huwaona wao wana macho ya buluu na nywele nyekundu, na ng'ombe wangekuwa na mikono wangechora miungu wenye sura ya ng'ombe. Karne ya 4 KK mwanafalsafa Plato akaichukua kesi na kuifikisha mwisho. Katika mji wake bora mashairi ya Homer yapitie kwanza kwa mkaguzi, na hatimaye mshairi mwenyewe aonyeshwe lango.

Mashtaka hayo, kwamba visa hivi huharibu tabia za wanaovisikia, yana ushahidi. Katika mazungumzo ya Plato yaitwayo Euthyphro, bwana mmoja anamshtaki baba yake mzazi kwa kosa la kuua, na watu wanaposhangaa anawajibu kwamba hata Zeus alimfunga baba yake. Katika mchezo wa kuchekesha wa Aristophanes, Mawingu, ulioonyeshwa Athens mwaka 423 KK, kijana anaelezwa kwamba akifumaniwa na mke wa mtu ajitetee kuwa hata Zeus hushindwa na mapenzi. Ni mzaha, ila usingechekesha kama utetezi wa namna hiyo ungekuwa mgeni masikioni mwa watazamaji. Plato hakuwa akipigana na kivuli.

Ila Wagiriki hawakuwa na msahafu. Ibada yao ilikuwa sadaka, maandamano na nadhiri, na kisa kilekile kilisimuliwa hivi mji huu na vile mji wa pili bila mtu kuitwa mzushi. Zeus aliyeombwa kwenye madhabahu alikuwa mlinzi wa mgeni na wa kiapo. Na katika Odisei, shairi la Homer, yeye mwenyewe anafungua kikao cha miungu kwa kunung'unika kuwa binadamu huwasingizia miungu maovu yanayotokana na upumbavu wao wenyewe. Hizi ni hoja nzuri za kumpunguzia mshtakiwa adhabu. Za kumwachia huru ziko ndani ya Iliadi, shairi la Homer la vita vya Wagiriki na mji wa Troya.

Katika kitabu cha 5, Diomedes, shujaa wa Wagiriki na binadamu wa kufa, anamchoma Ares mkuki tumboni kwa msaada wa mungu wa kike Athena. Mungu wa vita anapiga ukelele kama wa watu elfu tisa au elfu kumi. Anakimbilia Olympus, mlima wa miungu, kumlilia baba yake Zeus, anatiwa dawa, na jeraha linafunga upesi kama maziwa yanavyoganda yakitiwa utomvu wa mtini. Anaogeshwa, anavishwa nguo safi, anaketi kando ya Zeus. Basi. Kule uwandani mtu akichomwa mkuki ule anapewa mistari michache, jina lake, baba yake, alikotoka, kisha giza linamfunika macho.

Tazama tofauti hiyo inavyofanya kazi. Mungu asiyekufa hana cha kupoteza, kwa hiyo hawezi kuwa jasiri hata akitaka. Hasira zake ni kelele na ugomvi wake unaishia mezani. Sarpedon, mfalme wa Likia aliyekuja kuisaidia Troya, anamwambia mwenzake Glaucus katika kitabu cha 12 kwamba kama kuponea vita hivi kungewafanya wasizeeke wala kufa, asingepigana mstari wa mbele; kwa kuwa kifo kiko njiani kwa vyovyote, twende. Ushujaa wote wa Homer umesimama juu ya sentensi hiyo. (Kisigino cha Achilles, shujaa mkuu wa Wagiriki, hakimo kwa Homer, ni nyongeza ya waliokuja baadaye sana. Achilles wa Iliadi huchubuliwa mkono kwa mkuki katika kitabu cha 21 na damu inamtoka kama mtu yeyote.) Wepesi wa miungu, pamoja na fedheha zake, ndio unaotupa kipimo cha uzito wa watu.

Sarpedon ni mwana wa Zeus. Katika kitabu cha 16 Zeus anamwona mwanawe anakaribia kuuawa na Patroclus, rafiki wa Achilles, na anatamani kumnyakua akiwa hai. Hera anamjibu: mwokoe, lakini ujue wana wa miungu wanaopigana pale ni wengi, na kila mzazi atataka kumtoa wake. Zeus anakubali. Ananyeshea ardhi matone ya damu, kisha anawatuma ndugu pacha, Usingizi na Kifo, waupeleke mwili Likia ukazikwe.

Sasa rudi kwa Plato. Visa vya Kronos amekwisha kuvipiga marufuku katika kitabu cha 2 cha Jamhuri, andiko lake kuhusu ule mji bora. Katika kitabu cha 3 anaorodhesha mistari mingine ya kufutwa, nayo ni ipi? Achilles kuzimu akisema afadhali awe kibarua wa mtu fukara kuliko kuwatawala wafu wote. Priam, mfalme wa Troya, akigaagaa kwenye mavi kwa kumlilia mwanawe Hector. Na Zeus akimlilia Sarpedon. Mkaguzi aliyeanza na visa vya Kronos amefika kwenye msiba, na kwa mantiki yake hana budi, maana askari wa mji wake hawatakiwi kuogopa kifo wala kuomboleza. Lakini machozi yale yametoka kwenye zinaa ya Zeus mwenyewe. Zeus asingelala na Laodamia, Sarpedon asingekuwepo. Ukitaka mungu asiye na doa, utampata, na hatakuwa na mtoto wa kumzika.

Kwa hiyo kesi hii nampa Homer, isipokuwa sehemu moja. Kati ya wanawake waliotamaniwa na Zeus, Io anageuzwa ndama, Callisto anageuzwa dubu, na wote wawili adhabu inawaangukia wao, Zeus anabaki na kiti chake. Kifo cha Laodamia, mama yake Sarpedon, kinapewa mstari mmoja tu katika kitabu cha 6: mungu wa kike Artemis alimkasirikia akamuua. Sababu haitajwi, wala hakuna tone la damu lililonyesha kwa ajili yake. Waendesha mashtaka nao hawamsaidii. Xenophanes, katika vipande vya mashairi yake vilivyobaki, analia na uzinzi, Plato anachukizwa na tamaa ya Zeus, na wote wanatetea heshima ya mungu. Laodamia hayumo kwenye hati yao ya mashtaka.