Karatasi Moja ya Biblia ya 1483: Uinunue au Uiache?

Tarehe 17 Februari 1483, Anton Koberger wa Nürnberg alimaliza kuchapa Biblia ya Kijerumani yenye picha 109 zilizochongwa kwenye mbao. Mbao zenyewe zilitoka Köln, ambako zilikuwa zimekwisha kuchapia Biblia nyingine miaka michache nyuma. Leo nakala kamili ina bei ya kutisha, lakini karatasi mojamoja zenye picha hazikosekani minadani. Wakusanyaji wamegawanyika: wengine huzinunua bila wasiwasi, wengine huona kila karatasi ni kipande cha kitabu kilichochinjwa.

Wanaozinunua wana hoja. Vitabu vingi vya umri huo vilitufikia vikiwa pungufu, maana karatasi za mwanzo na za mwisho ndizo hung'oka kwanza, kisha maji na wadudu humalizia. Mabaki hayo hayarudi kuwa kitabu. Kwa mwalimu au mtu wa kipato cha kawaida, karatasi moja ndiyo njia pekee ya kumiliki kazi ya karne ya 15.

Hesabu ya muuzaji ndiyo inayotia shaka. Nakala iliyopungukiwa karatasi ishirini huuzwa kwa bei ya chini, ilhali picha zake zikiuzwa mojamoja huingiza fedha zaidi. Kwa hiyo kauli ya “kilikuwa kimeshaharibika” mara nyingi ni kweli, na hapohapo ndiyo kisingizio. Jalada, maandishi ya wamiliki pembezoni na mkono wa mpaka rangi yule yule tangu Mwanzo hadi Ufunuo, vyote hutawanyika. Nyaraka za Paulo, ambazo hazina picha nyingi za kuvutia wanunuzi, huuzwa kwa bei ya chee.

Ukiamua kununua, anza na ukingo wa ndani. Ukiwa mwembamba na umenyooka sana, karatasi ilikatwa kwa wembe. Muulize muuzaji kitabu kilikuwa cha nani, na ilikatwa lini. Ishike mbele ya mwanga: katika kitabu cha karatasi zilizokunjwa mara moja, kama hiki, mistari iliyoachana, alama za waya za chekecheke la kutengenezea karatasi, husimama wima. Isipoonekana kabisa, huenda ni nakala ya kisasa. Pitisha kidole nyuma: maandishi ya shinikizo la kale huacha mbonyeo, isipokuwa karatasi imeoshwa na kubanwa. Iliyooshwa huwa nyeupe kupita kiasi na hulegea, kwa sababu gundi iliyopakwa kuikaza imetoka.

Rangi ndiyo mtego mkubwa, kwa kuwa picha iliyopakwa huuzwa ghali zaidi na wapo wanaopaka leo. Kijani cha kale kilichotokana na kutu ya shaba hula karatasi na kuacha kivuli cha kahawia upande wa pili. Kijani kinachong'aa kisicho na kivuli si lazima kiwe cha juzi, ila kinastahili maswali.

Kwangu mimi, fedha hizo ni bora ziende kwenye kitabu pungufu cha bei nafuu kilichobaki na jalada lake, hata kama kina picha kumi tu na ni cha karne ya 16. Karatasi moja naikubali pale muuzaji anapoandika kwenye risiti ilitoka nakala ipi na ilivunjwa lini. Muhuri wa maktaba uliofutwa ni sababu ya kuiacha papo hapo. Taa ya urujuanimno mara nyingi huuonyesha, na maktaba nyingi zimeibiwa kwa wembe.